Mashimo ya Nabii Suleiman Yako Wapi?

Ndugu msomaji, uliye Tanga au Mombasa, Unguja au Lamu, yamkini skuli uliwahi kukisoma kitabu kiitwacho Mashimo ya Mfalme Sulemani. Aliyekitunga ni Mwingereza, Henry Rider Haggard, mwaka 1885, na aliyekifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929 ni Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Ni hadithi ya wazungu watatu wanaofuata ramani ya Mreno wa kale, wakapita jangwa na milima, hata wakaingia katika pango lililojaa almasi, dhahabu na pembe za ndovu. Husimuliwa kwamba Haggard aliitunga baada ya kuwekeana dau la shilingi tano na nduguye, kuwa hawezi kuandika kitabu kizuri kama Kisiwa chenye Hazina. Hukumu ya kuwekeana dau mnaijua, sina haja ya kuieleza.

Hapa Chato, mkoa wa Geita, ninakofundisha chuo, habari ya mashimo si ngano. Mgodi mkubwa wa Geita unafanya kazi tangu mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wana maduara yao huku na huku. Baba wa mwanafunzi hushuka ardhini alfajiri kwa kamba. Basi vijana wanane wa darasa langu la jioni, wa kike na wa kiume, waliponisikia nikikitaja kitabu hicho, waliazimia kukichunguza kwa pamoja. Kila mmoja akachukua mlango wake, atafute katika intaneti kwa simu ya nyumbani kwao, kisha Alkhamisi baada ya Isha tusomeane. Nami nikaweka sharti moja tu: mwenye kuleta habari alete na sanadi yake, nani kasema, lini, na kaijuaje. Hiyo ni kanuni ya wanavyuoni wa hadithi, na intaneti inaihitaji mno, maana humo kila mtu ni mpokezi wala hapana aulizaye amepokea kwa nani.

Kijana wa kwanza alileta jambo lililonifurahisha. Katika kisa, wazungu wale wanawatisha wenyeji kwa kuwaambia kuwa watazima nuru ya mbinguni, kwani kalenda yao imewaonyesha siku ya kupatwa. Kumbe katika chapa za mwanzo Haggard aliandika kwamba ni jua lililopatwa, na usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu! Mtoto wa chuo anayehesabu siku za Ramadhani anajua kwamba jua halipatwi ila mwezi unapokwisha na mwingine kuandama. Chapa za baadaye mwandishi aligeuza, pakawa na kupatwa kwa mwezi. Nikawakumbusha vijana siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.). Jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume angeweza kunyamaza, wakazidi kumtukuza. Lakini alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Swali lililotuchukua Alkhamisi tatu lilikuwa la Nabii Suleiman (a.s.) mwenyewe. Je, alikuwa na mashimo Afrika? Katika Qurani tunasoma kuwa alitiririshiwa chemchemi ya shaba, akatiishiwa upepo na majini, na kwamba zawadi ya mali aliyoletewa na Bilqis aliirudisha. Mashimo ya dhahabu hayakutajwa. Dhahabu ya Ofiri imo katika Biblia, na Wareno walipofika Sofala wakadhani ndiyo Ofiri. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch aliona magofu ya Zimbabwe akasema ni ya Malkia wa Sheba, kwani hakukubali kuwa mtu mweusi aweza kujenga kwa mawe namna ile. Mwaka 1929, mwaka ule ule Johnson alipotoa tafsiri yake, Bibi Gertrude Caton-Thompson alichimba pale akathibitisha kuwa waliojenga ni Waafrika wenyewe.

Na hapa mimi mtu wa Kilwa nilisimama kidogo kwa fahari, Mwenyezi Mungu anisamehe. Dhahabu ya nchi ile ilishuka Sofala, na Sofala ilikuwa mkononi mwa Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani Hasan bin Suleiman, na sarafu yenye jina la sultani huyo imeokotwa Zimbabwe kwenyewe. Basi Suleiman aliyehusika na dhahabu ile alikuwa baba wa sultani wetu! Ibn Battuta anamsifu sultani huyo kwa ukarimu, hata nguo alizovaa alimpa fakiri wa Kiyemeni aliyemwomba njiani. Ila aliongeza kuwa zawadi za watu wale nyingi zilikuwa pembe. Dhahabu walitoa kwa nadra.

Kijana mmoja, ambaye kaka yake ana duara, aliuliza: lau wale watatu wangekuwa Waislamu, wangetoa zaka kiasi gani? Swali zuri. Hazina iliyozikwa na watu wa kale ni rikazi, na ndani yake mna khumusi. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwa dhahabu na fedha, almasi haimo, na wao walitoka na almasi mifukoni. Ama dhahabu ya kuchimba ni robo ya fungu la kumi, hutolewa ipatikanapo bila kungoja mwaka, ikifika mithqali 20, yaani kiasi cha gramu 85. Kaka yake alikuja mwenyewe Jumamosi kuulizia.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Gagool, yule kizee katika kisa anayewanusa watu na kuwataja wachawi, nao wakauawa palepale. Vijana wa kiume walikuwa wakicheka namna alivyosawiriwa. Huku Kanda ya Ziwa, ndugu msomaji, anayetajwa ni kizee mwenyewe. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, mpiga ramli anamnyoshea kidole, na usiku wanakuja watu na mapanga. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, baada ya ndugu zetu albino pia kuuawa kwa kudhaniwa kuwa viungo vyao huvuta dhahabu. Binti aliyepewa mlango huo alikataa kuusoma kwa sauti. Akasema bibi yake alihamishwa usiku kupelekwa Mwanza, kwa sababu ya macho. Wakanyamaza wote. Kisha mmoja wa waliokuwa wakicheka akamwuliza bibi yuko na nani huko, naye akajibu kuwa yuko kwa shangazi, ila kila mvua zikianza huuliza nani amelima shamba lake.