Arusha: Kabla ya Leza, Jiulize Ulikunywa Maji Gani Utotoni

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, ukaipita Tengeru na vurugu zake za ndizi na mitumba siku ya Jumamosi, kisha Usa River, unafika mahali panapoitwa Maji ya Chai. Jina limetokana na mto wa hapo, ambao maji yake yana rangi ya chai kweli. Kushoto kwako, mawingu yakikubali, unauona Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Kwa wapenzi wanaotafuta wikiendi ya utulivu, pande hizi ni tamu sana. Kuna kijibaridi cha asubuhi, migomba na mibuni kila upande, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko jirani, na twiga wake na maziwa ya Momella.

Ila ukikaa siku mbili tatu utaanza kuona kitu kingine. Vijana wazuri, wamependeza, wakicheka kiganja kinakwenda mdomoni. Meno yao yana madoa ya kahawia. Huku Dar mtu wa hivyo akifungua mdomo tu anaambiwa, "Wewe wa Arusha nini?" Wengine wanauchukulia kama utani. Kwa binti anayekwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, au anayepelekwa kutambulishwa kwa wakwe, huo si utani hata kidogo.

Safari hii, pale Usa River, nilikaa meza moja na wachumba wawili wakati wa chakula cha jioni. Harusi ilikuwa Desemba. Bibi harusi ni Mmeru, amezaliwa na kukulia hapo hapo. Bwana harusi ni wa Tanga, kahawa vikombe vitano kwa siku na sigara juu, meno yamekuwa ya manjano. Walishapanga kwenda Dar kung'arisha meno kwa leza ili picha zitoke bomba. Kliniki moja, siku moja, bei moja. "Dada, hiyo kitu inafanya kazi kweli?" akaniuliza bibi harusi.

Jibu ni kwamba inafanya kazi, lakini wale wawili wasingetoka na matokeo ya kufanana hata wakikalia kiti kimoja.

Watu wengi wanadhani mwanga ndio unaong'arisha. Kazi kubwa inafanywa na jeli yenye haidrojeni peroksaidi, ambayo kliniki huitumia kwa ukali wa kama asilimia 25 hadi 40. Inapenya kwenye enameli, lile ganda gumu la nje la jino, na kuvunjavunja chembe zenye rangi. Leza au taa inaichangamsha tu jeli. Tafiti nyingi zimeona kwamba baada ya wiki chache tofauti kati ya jeli yenye mwanga na jeli peke yake ni ndogo au haipo. Halafu ule weupe wa kutisha unaouona kwenye kioo ukishuka tu kitini, sehemu yake ni ukavu wa jino. Likirudisha unyevu wake, ndani ya siku kadhaa rangi inashuka kidogo. Kwa hiyo usipige picha ya ushahidi siku ile ile.

Bwana harusi ana bahati, maana manjano ndiyo rangi inayokubali haraka. Kwanza asafishwe ugaga na matundu yote yazibwe, maana jeli ikipenya kwenye tundu atalia. Jino lake moja la mbele ni la bandia, lilivunjika kwenye mpira, na hilo halibadiliki rangi abadan. Akishang'arisha mengine itabidi asubiri kama wiki mbili, rangi itulie, ndipo atengenezewe jingine la kufanana. Na akirudi kwenye sigara, manjano nayo yatarudi.

Kwa bibi harusi hadithi ni nyingine. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, na maji ya chemchemi na visima yanapopita humo yanayabeba. Floraidi yenyewe haina rangi, kwa hiyo rangi ya ule mto isikuchanganye. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 vijijini, na kuna vyanzo kuzunguka mlima vinavyozidi hata hapo. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, enameli inatoka na kasoro. Doa limo ndani ya jino. Si uchafu, na wale wanaowaambia hawa watu wapige mswaki vizuri wanawaonea bure. Kusugua kwa mkaa au majivu kunakwangua enameli tu.

Leza peke yake inaweza hata kumkera. Jino zima likiwa jeupe, mabaka meupe ya floraidi huonekana zaidi kwa siku za mwanzo, na kahawia iliyokolea huwa inapungua tu. Kwa madoa ya wastani daktari huchanganya njia. Anakwangua kiasi kidogo sana cha juu kwa asidi laini na unga maalum, halafu jeli, pengine na dawa ya majimaji inayopenya kwenye vitundu vya jino na kugandishwa kwa mwanga. Jino lililochimbika linahitaji kujazwa, au kubandikwa vinia, yaani ganda jembamba la bandia. Hiyo ni safari ya mara kadhaa, na bei yake ni nyingine.

"Kwa hiyo kwenye picha nitang'aa peke yangu?" akauliza bwana harusi. Mchumba wake akacheka, kiganja mdomoni.

Nilichowaambia ni hiki: msilipe hata senti kabla daktari wa meno hajaangalia na kusema doa ni la aina gani. Daktari, si saluni. Na mama mjamzito asubiri ajifungue.

Kisha bibi harusi akauliza swali lililonigusa zaidi. Wanajenga Maji ya Chai, kisima kipo. Watoto je?

Mtu mzima aliyehamia Arusha meno yake hayageuki rangi, yalishamaliza kujijenga. Wa kuangaliwa ni mtoto hadi kama miaka 8. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichotengeneza chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, inayonasa floraidi. Maji ya mvua ni salama kwa upande huo, mradi paa na tangi viwe safi. Kisima kipimwe kabla ya mtoto hajazaliwa. Na magadi kwenye makande yake, acheni kabisa, maana nayo yamejaa floraidi. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva tu.