Butembo na Beni: Kazi za ordinatere ambazo mwenyewe hazioni

Kandokando ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, mujini Butembo, na karibu na shule kubwa za Beni, sekretaria hazikosi: meza moja, ordinatere mbili, mashini moja ya kuchapisha, na grupu ya esanse inje ya mulango. Wakati wa kuweka TFC, wanafunzi wanapanga mustari tangu asubuhi. Ni wakati huo hasa mashini inagoma. Umeme unakatika katikati ya ukurasa, unarudi, kisha kila anayetuma kazi yake anangoja bure, hakuna karatasi inayotoka. Kazi ya kwanza imekwama, na zingine zote zimefungwa nyuma yake, kama vile magari nyuma ya kamio iliyozama katika matope.

Mwenye sekretaria anazima mashini na kuiwasha. Anazima ordinatere na kuiwasha. Kazi ile iliyoharibika ingali pale. Mwishowe anaita fundi, na fundi fulani atamwambia kwamba dawa ni kufuta ordinatere yote na kuweka Windows upya. Ni dola za kulipa, ni nusu siku ya kazi iliyopotea, na mara nyingine ni memwari za wateja zinazokwenda pamoja na ugonjwa. Mwanafunzi ambaye siku yake ya kuweka kazi ni leo, huyo hana nusu siku.

Lakini ugonjwa huo una dawa ya mistari miwili. Ndani ya kila ordinatere kuna programu ambazo hazina dirisha wala kitufe. Zinaanza kazi wakati mashini inawaka, zinafanya kazi kimya, kama mulinzi wa usiku ambaye wateja wa muchana hawamujui. Moja kati ya hizo inapokea kazi za kuchapishwa, inaziweka kwa mustari, na kuzipeleka moja moja kwenye mashini. Katika Windows ya Kifaransa inaitwa « Spouleur d'impression », lakini jina lake la ndani ni Spooler, na jina hilo halibadiliki hata lugha ikibadilika.

Mwenye kujua anafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa uwezo wa administrateur. Bila uwezo huo, Windows itajibu kosa namba 5: mulango umefungwa. Anaandika « net stop spooler », na programu inasimama. Anaingia katika kartable ya PRINTERS, iliyo ndani ya Windows, System32, spool, na kufuta yote yaliyomo. Kisha anaandika « net start spooler ». Ni dakika mbili. Kazi zote zilizokuwa zikingoja zimefutika, za wateja wote, kwa hiyo kila mutu anatuma tena yake. Lakini maandiko yenyewe yangali salama katika memwari yake.

Tofauti hapa ni kujua nini cha kusimamisha. Kufunga dirisha la Word hakusimamishi Spooler, kwa sababu Spooler haikuwa ndani ya dirisha hilo. Na kuzima ordinatere nzima kwa sababu ya programu moja ni kufunga soko zima kwa sababu ya duka moja.

Elimu hii ina pia upande wake wa hatari. Wakaaji wengi wa Butembo na Beni wananunua mega kwa siku au kwa juma, na wanaona uchungu mega hizo zinapokwisha mbele hawajafungua hata barua moja. Anayekula ni mara nyingi programu nyingine ya kimya, ile ya kuleta matengenezo ya Windows, jina lake wuauserv. Mutu akishajifunza « net stop », anaisimamisha. Baadaye anashangaa: imerudi. Ni kwa sababu kusimamisha ni kwa sasa tu. Kuikataza isianze tena ni amri nyingine. Hapo wengine wanaikataza kabisa, na wanasahau.

Katika mwezi wa 3 wa mwaka 2017, Microsoft ilitoa matengenezo ya kuziba tundu moja katika Windows. Katika mwezi wa 5, kirusi WannaCry kilipitia tundu hilo hilo na kufunga ordinatere katika inchi zaidi ya 150, pamoja na za hospitali nyingi za Uingereza. Waliopigwa ni wale ambao matengenezo hayakuwafikia. Kwa anayeogopea mega zake, kuna njia iliyo nzuri zaidi: kuambia Windows kwamba Wi-Fi ile ni « connexion limitée ». Matengenezo mengi yatangoja mpaka siku kuna mega za kutosha.

Mara nyingine wenye Windows wenyewe wanaomba watu wasimamishe. Katika mwezi wa 7 wa mwaka 2021, tundu liitwalo PrintNightmare lilionekana ndani ya Spooler, na Microsoft ikashauri kuizima pale ambapo hakuna kazi ya kuchapisha, mpaka matengenezo yafike.

Katika radio zinazotumia Linux, amri ni « systemctl ». Programu za kimya huko zinaitwa « daemon », jina ambalo linaweza kushitua wakristo wa Beni. Halina uchawi: watu wa chuo cha MIT, Marekani, walilichagua katika miaka ya 1960, wakifikiri mufano wa mwanasayansi James Clerk Maxwell juu ya kiumbe kidogo kinachofanya kazi bila kuonekana. « systemctl stop » inaomba programu imalize kwa adabu. Kwa kawaida inangoja sekunde 90 mbele ya kuikata kwa nguvu. Umeme unapokatika hauombi wala haungoji. Na « systemctl start » inawasha kwa leo tu. Ni « systemctl enable » inayoifanya ianze yenyewe kila mara mashini inapowaka. Radio ambayo fundi wake alisahau amri hiyo ya pili, grupu inawaka usiku, muziki unasikika mujini, lakini watoto wa Butembo walio Kampala au Bruxelles hawasikii kitu kwenye intaneti mpaka asubuhi.

Hata hivi, amri hizo zina mupaka. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, nyuma ya uchaguzi ambao Beni na Butembo hawakushiriki kwa sababu uliahirishwa huko, intaneti ilikatwa katika inchi yote kwa siku karibu 20. Ebola ilikuwa ikiua watu, na habari zilihitajiwa kila saa. Siku hizo fundi aliyeandika « systemctl status » angeweza kusoma kwa rangi ya kijani kwamba programu yake ya kutuma sauti inafanya kazi. Ilikuwa kweli. Mulango uliofungwa ulikuwa mbali na Butembo, na hakuna amri ya ordinatere iliyoufikia.

Kwa mambo mengine yote, daftari moja karibu na ordinatere linatosha: jina la programu, amri ya kuisimamisha, na chini yake amri ya kuiwasha tena. Wengi wanaandika ile ya kwanza tu.