Tabia ya Mtoto Haipimwi kwa Siku Moja



Zamani kidogo, katika chuo chetu cha Kurani, tulimkuta mwanafunzi wa miaka kumi ameficha shilingi ishirini za mwenziwe ndani ya juzuu yake. Tukamwita mwizi mbele ya wanachuo wote. Tangu siku ile, kila kilichopotea akaulizwa yeye. Haukupita muda akaacha kuja, na mamake alipokuja kuchukua msahafu wake hakututolea salamu.

Mwaka huu kijana yule, naye sasa ni mtu mzima, amemleta mwanawe kwetu. Alisema neno moja tu: "Maalim, huyu akikosa, nakuomba uniambie mimi kwanza." Neno hilo limetunyima usingizi, hata tukamwomba mpwa wetu asomaye chuo kikuu atueleze wataalamu wa elimu ya nafsi wasemavyo juu ya tabia za watu.

Kwao wao, tabia si kila tendo alitendalo mtu. Ni ule mwelekeo udumuo, uonekanao siku nyingi na mahali pengi, na umtofautishao mtu na wenziwe. Mwaka 1936, Allport na Odbert wa Marekani walikusanya katika kamusi moja ya Kiingereza maneno karibu 18,000 ya kumweleza mtu. Wakaona kuwa kiasi cha 4,500 tu ndiyo yatajayo tabia za kudumu. Mengi ya yaliyobaki ni hali za kupita, kama hasira ya leo, au ni hukumu za watu. "Mwizi", kwa vile tulivyolitamka sisi, lilikuwa hukumu.

Kabla ya hao, mwaka 1928, Hartshorne na May walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa shule zaidi ya 10,000. Watoto walipewa nafasi za kudanganya bila ya kujua kuwa wanachunguzwa: kujisahihishia mitihani yao, kushindana katika michezo, kuachiwa sarafu mikononi. Ikadhihirika kuwa aliyedanganya katika mtihani aliweza kuwa mwaminifu katika fedha, na aliyekuwa mwaminifu mahali pamoja aliweza kuteleza pengine. Tendo moja halikutosha kujulisha la pili.

Je, tabia haipo basi? La, ipo. Mwaka 1979, Seymour Epstein alionyesha kuwa matendo ya mtu yakijumlishwa kwa siku nyingi, mwenendo wake hujitokeza wazi. Ndiyo sababu vipimo vyao huwa na maswali mengi, na pengine huulizwa pia jamaa wamjuao mtu huyo. Kwani mvua ya siku moja haijulishi masika.

Ama juu ya asili ya tabia, wamelinganisha mapacha wafananao kabisa na mapacha wasiofanana, wakaona kuwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za tabia baina ya watu hutokana na urithi. Zilizobaki hutokana na mambo yampatayo mtu katika maisha yake. Nasi hatuthubutu kusema kuwa ulimi wa mwalimu haumo katika mambo hayo.

Twawafundisha watoto kuwa dhana mbaya na kuitana majina mabaya ni makatazo ya dini yetu, na sisi wenyewe tuliyafanya yote mawili kwa ajili ya shilingi ishirini. Sasa tunalo daftari. Hatuandiki humo "mwongo" wala "mvivu". Twaandika siku, mahali na tendo lenyewe, liwe jema au baya.

Juzi mtoto yule alituambia amehifadhi sura yake, naye hakuihifadhi. Tukaandika tarehe na tendo, tukalifunga daftari bila ya kumtaja mbele ya wenziwe, na baada ya sala ya Alasiri tukamwendea babake.