Kuteremka Mai Mahiu kwa Gari la Umeme

Kama hujawahi kuingia Bonde la Ufa kupitia barabara ya zamani ya Mai Mahiu, jitayarishe. Ukiiacha barabara kuu pale Rironi na kukata kushoto, ardhi huanza kukuponyoka miguuni. Mlima Longonot hujitokeza mbele, wauza ngozi za kondoo hukupungia mikono, na malori hujikokota yakiacha harufu ya breki zilizoungua. Barabara hii ilichongwa na mateka wa Kitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kikanisa chao cha mwaka 1942 kingali kimesimama huko chini.

Juzi niliteremka na binamu yangu wa Limuru katika gari lake la umeme. Asubuhi nilimlaumu kwa kuchomoa waya betri ikiwa asilimia 80 tu. "Nikiijaza," akanijibu, "nitateremka na breki za aina moja badala ya mbili."

Maana yake ni hii. Ukikanyaga breki ya gari kama hilo, kompyuta hupima kwanza mota inaweza kubeba kiasi gani. Mota hugeuka jenereta, ikalizuia gari huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kinachopungua hufidiwa na breki za mafuta tulizozizoea. Gari la tani moja na nusu likishuka mita 500 hutoa nishati ya kuchemsha mtungi wa maji wa lita 20! Zikiachiwa kazi hiyo breki za mafuta peke yake, joto hilo huishia kwenye diski na pedi.

Sasa, betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, basi mota hujitoa. Vilevile gari likikaribia kusimama, nguvu ya mota hufifia na breki za mafuta hupokea kazi. Makabidhiano hayo mguu wako haupaswi kuyahisi, na si jambo rahisi. Februari 2010 kampuni ya Toyota iliita zaidi ya magari 400,000 yatumiayo petroli na umeme, mengi yakiwa Prius, baada ya madereva kulalamika kuwa breki zililegea kwa kitambo kidogo penye mashimo au utelezi. Kilichorekebishwa ni programu ya kompyuta.

Tulipofika chini, betri ilisoma asilimia 81. Nilitarajia zaidi, lakini upepo na matairi navyo vilikuwa vimekula fungu lao. Niliinama kando ya gurudumu. Hapakuwa na harufu yoyote. Binamu alinieleza kwamba taabu yake ni kinyume cha ile ya wenye malori: diski zake hushika kutu kwa kukosa kazi, na kila mara humwomba fundi azikague.

Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukageuza gari. Kufika Rironi, betri ilikuwa asilimia 71.