Siku ya harusi haisogei

Wengi mnaokuja dukani mnaniuliza mbona kompyuta yangu ya pembeni ya cherehani haina Windows. Ina Ubuntu, mfumo endeshi wa bure. Humo mna vipimo vya mabiharusi wote, tarehe za kujaribisha nguo, na arubuni aliyotoa kila mtu. Ikigoma wiki ya harusi, kuna mtoto wa watu atakaa mbele ya wageni na gauni lisilomkaa. Ndiyo maana nikafuatilia mfumo huu unatunzwa vipi, na nimepata humo somo la kazi yangu ya ushoni.

Ubuntu hutoka kila miezi 6. Lakini kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, hutoka toleo la kukaa nalo muda mrefu. Jina lake ndiyo tarehe yake: 22.04 ni Aprili 2022, 24.04 ni Aprili 2024. Toleo hilo hutunzwa bure miaka 5. Yale ya katikati hutunzwa miezi 9 tu. Mwenye biashara achague la miaka 5.

Kutunza ni kutia viraka. Kosa likionekana linarekebishwa, mtindo unabaki ule ule. Na kiraka hakiji kwetu moja kwa moja. Kwanza huwekwa pembeni kwa wanaokubali kukijaribu, kwa kawaida siku 7 au zaidi, halafu ndipo wote tunagaiwa. Ni sawa na nguo uliyoipiga bandi ukamvisha mwenyewe kabla hujaitia cherehani.

Viraka vikishakuwa vingi hukusanywa, likatolewa toleo la matengenezo: 24.04.1, kisha 24.04.2, na kuendelea. La kwanza hupangwa miezi mitatu minne baada ya lile la Aprili, yanayofuata kila miezi 6 hivi. Anayeweka mfumo upya anaupata umeshatengenezwa, bando lake haliishi kwa viraka vya mwaka mzima. Sisi tuliokwisha kuuweka, tukisasisha kila mara, tunavyo tayari.

Tarehe hutangazwa mapema, lakini haiabudiwi. Toleo la 24.04.1 lilipangwa litoke 15 Agosti 2024. Yakaonekana makosa makubwa yanayowagusa wanaohama kutoka toleo la zamani, likasogezwa hadi 29 Agosti. Wiki mbili nzima, na mimi nawapongeza.

Ila mimi fundi siwezi kufanya hivyo. Mfunguo Mosi ukiingia, kadi zimeshagaiwa, ukumbi umelipiwa, ndugu wa Pemba wamepanda boti. Siku haisogei, basi lazima kingine kisogee.

Hapo nikachukua jambo lao jingine. Toleo likikaribia, wao hufunga mlango: hakiingii kitu kipya, ila dawa ya kosa kubwa. Nami dukani kwangu, siku 14 kabla ya harusi, mlango wa mitindo unafungwa. Kiuno kikibana, nafungua mshono hata usiku. Mikono ya lesi uliyoiona kwenye simu jana, hapana. Kuna dada alikasirika, akachukua kitambaa chake, nikamrudishia arubuni yake yote. Iliniuma, maana pesa ile niliihitaji. Lakini wiki ile nilikuwa na mabiharusi wengine watatu, na kila mmoja alivaa nguo iliyokamilika.

Hata kompyuta yenyewe naipangia hivyo hivyo. Iko kwenye 22.04, ambayo matunzo yake ya bure yanafika 2027. Kwa hiyo sihami msimu wa harusi. Nasubiri kazi ipungue, nanakili daftari zote kwenye flashi, ndipo nabonyeza.

Biharusi mtarajiwa, mtindo wako uamue mapema, na mama na mashangazi waulize mapema. Siku zile za mwisho tuachie upindo na vifungo.