Mng'ao Hauji kwa Pupa

Sisi wazee tuundao ndege na meli ndogo za plastiki pamoja na wajukuu hapa Uingereza twaulizwa: mbona vanishi juu ya rangi isiyong'aa hutoka yenye kuparuza? Sababu ni kwamba uso wa rangi hiyo una vijinundu vidogo mno, navyo hutawanya nuru. Tukipaka vanishi nzito kuvifunika kwa mara moja, huchuruzika. Basi rangi na ikauke barabara. Tuisugue taratibu kwa msasa laini wa 2000 uliolowa maji, tufute vumbi, kisha tupake vanishi nyepesi, kila tabaka likauke kabla ya jingine. Wajukuu hulalamikia kungoja. Lakini saa hizo za kungoja ndizo wazungumzazo nasi Kiswahili; nyingine hatuna.