Nyavu za Kwenda Tana

Watu wa Machakos ni wakulima na wafugaji tangu zamani za wazee wao, na ni wajuzi wa uta na mizinga ya nyuki. Lakini elimu ya wavu si urithi wao. Tangu bwawa la Masinga lilipomalizika mwaka 1981, maji ya mto Tana yametanda katika mpaka wa kaskazini ya nchi yao, yapata kilometa 120 za mraba yakijaa, na ndani yake mna tilapia, kapi, kambare na mikunga. Basi si ajabu kumwona mwalimu au karani wa mjini akifunga safari ya siku mbili tatu, kupitia Matuu, kwenda kupanda mtumbwi na kuvua. Wengi hurudi mikono mitupu, na sababu yake mara nyingi ilianzia dukani, kabla hawajayaona maji.

Kwanza yafaa kuiacha ile fimbo nyembamba yenye nzi wa manyoya. Ina heshima yake huko juu, katika mito ya baridi ya Aberdare, ambako Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura. Maji ya Gura hushukia Tana, lakini trauti hapendi joto, hashuki nayo mpaka Masinga. Mwenye kubeba fimbo hiyo kwenda bwawani amebeba pambo.

Kazi ya huko ni ya wavu na ndoana. Wavu hununuliwa kwa kipimo cha tundu: hunyoshwa, ukapimwa tangu fundo hata fundo linalolikabili. Tundu la inchi 5 humpisha tilapia mdogo akaenda zake, na mkubwa humkaba mashavuni. Tena kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Wavu wa mita 100 haufungwi katika kamba ya mita 100. Hukunjwa ukafungwa katika kamba ya mita 50, ili matundu yafumbuke na wavu ulegee. Ukivutwa kama ngozi ya ngoma, samaki huugonga akarudi.

Wako wauzaji wanaosifu nyavu za uzi mmoja wa plastiki, kwa kuwa hazionekani majini. Sheria za uvuvi za Kenya zimezikataza. Hukatika upesi, na vipande vinavyopotea huendelea kuua samaki wasioliwa na mtu. Lakini hata pasingekuwa na sheria, sifa ile haina kazi kubwa Masinga. Maji yake huwa mekundu kwa udongo, na sehemu ya udongo huo umetoka katika mashamba ya Ukambani yasiyo na matuta. Samaki haoni mbali katika chai ya namna hiyo.

Kwa kambare na mkunga, mshipi mrefu wenye ndoana nyingi na minyoo hushinda wavu. Mnunuzi akumbuke kuwa katika hesabu ya ndoana namba kubwa ndiyo ndoana ndogo. Mkunga ni samaki wa usiku, mwenye nguvu, hujisokota mpaka uzi mwembamba ukatike. Basi uzi uwe mnene.

Mamba na viboko wamo. Kwa hiyo kisu kikali si cha kupasulia samaki tu: kiboko akiingia katika wavu, hapana budi kuukata wavu mara moja na kuusahau. Wala mtu asijifunge kamba ya wavu kiunoni au mkononi, wala asishuke majini kuufungua wavu ulionaswa na kisiki. Boya la kuvaa ni ghali kidogo, lakini lisingojewe mpaka safari ya pili.

Karani mmoja wa mjini Machakos alikwenda kununua vyombo pamoja na kaka yake, mkulima wa upande wa Masinga, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka misimu miwili. Kwa karani ilikuwa safari ya mapumziko. Kwa kaka yake ilikuwa unga wa nyumbani. Fedha zao zilitosha nyavu tano za uzi mmoja, tundu la inchi 2, au nyavu mbili za nyuzi zilizosokotwa, tundu la inchi 5.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "watoto hawali matundu ya wavu. Hizi tano zitajaa usiku wa kwanza."

"Zitajaa, kaka, kwa watoto wa samaki. Na askari wa uvuvi akizikuta atazichoma, nawe utapelekwa kortini. Hapo utakuwa huna wavu, huna samaki, na huna nauli ya kurudi."

Kaka hakujibu upesi. Aliuliza bei ya leseni, akauliza ndoana hamsini ni kiasi gani, akahesabu kwa vidole. Mwisho walichukua nyavu mbili za inchi 5, mshipi na ndoana, na mfuko wa chumvi ya kuhifadhia samaki. Boya karani alilinunua kwa fedha alizokuwa ameweka za viatu. Kisha kaka akaketi barazani mwa duka, akauliza ile mita 50 ya kamba iko wapi, akaanza kuufunga wavu palepale.